Kabrasha la Hati za Kuasisi Nchi kwa Sekondari Msingi: Tathmini ya Mwalimu wa Lamu

Kwa mwalimu wa Masomo ya Jamii anayefundisha Gredi ya 7 hadi ya 9 hapa Lamu, vitabu vya kiada hupatikana bila taabu kubwa. Kinachoadimika ni hati zenyewe ambazo vitabu hivyo huzizungumzia. Mwanafunzi husoma kwamba makoloni ya Marekani yalijitangazia uhuru mwaka 1776, kwamba ukanda wa Pwani uliwekwa chini ya usimamizi wa Uingereza mwaka 1895, na kwamba Kenya ilipata katiba mpya mwaka 2010, kisha huulizwa tarehe hizo kwenye mtihani, ilhali hajawahi kuona hata mstari mmoja wa maandishi yaliyoyaleta mambo hayo. Ndiyo maana nilifurahi duka moja la vitabu la hapa mjini lilipoanza kuuza kabrasha la hati za kuasisi nchi lililotayarishwa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari msingi, na ndiyo maana nimeona nieleze kwa kirefu lilivyofanya kazi darasani mwangu. Hukumu yangu naitoa mapema: ni kabrasha zuri, linalostahili kununuliwa na kila shule inayoweza, isipokuwa ile sehemu inayotuhusu zaidi sisi watu wa Pwani, ambayo waandaaji wameipitia kwa haraka na inafaa iandikwe upya.

Ndani yake mna Tangazo la Uhuru wa Marekani la 1776, sehemu za Katiba ya Marekani iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 pamoja na marekebisho yake kumi ya kwanza yaliyoidhinishwa mwaka 1791, Dibaji na ibara kadhaa za Katiba ya Kenya ya 2010, na sehemu fupi kuhusu ukanda wa Pwani kuanzia 1895 hadi 1963. Kila hati imewekwa kwa Kiingereza upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili. Jambo hili ni la msaada mkubwa, kwa kuwa somo letu hufundishwa kwa Kiingereza lakini mjadala wa vikundi huchangamka pale tu watoto wanapoachiwa waseme kwa Kiswahili. Kuna pia mwongozo wa mwalimu, kadi za maswali, na karatasi za kukatwa vipande.

Nguvu ya kabrasha hili imo katika kadi za maswali. Waandaaji wanaeleza kwamba wamefuata hatua nne ambazo Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani imeziweka katika karatasi zake za kuwafundishia wanafunzi: kwanza kuikutanisha hati na msomaji, yaani kujua ni hati ya aina gani, kisha kuzitazama sehemu zake, halafu kujaribu kuielewa, na mwisho kuitumia kama ushahidi. Hatua hizo zikisomwa kwenye karatasi huonekana nyepesi mno, na nakubali kwamba mwanzoni nilidhani wanafunzi wa Gredi ya 8 wangeziruka wote kwa pamoja na kukimbilia maana. Kadi zimepangwa kwa namna inayowazuia. Kadi ya kwanza hairuhusu swali lolote kuhusu maana. Inauliza tu kama maandishi ni ya mkono au ya mashine, kama kuna tarehe, kama kuna saini, kama kuna muhuri, na kama karatasi inaonekana imekunjwa. Mtoto aliyezoea kuulizwa umuhimu wa tukio kabla hajalijua tukio lenyewe hupata hapa nafasi ya kutazama kwanza, na hata wale wasiopenda kunyosha mkono huwa na la kusema, kwa sababu kila mwenye macho anaweza kuona kwamba hati ina saini au haina.

Somo lililonoga kuliko yote ni la Tangazo la Uhuru, na nitalieleza kwa ukaribu kwa kuwa ndilo linaloonyesha vizuri kile ambacho kabrasha hili linaweza. Wanafunzi wanapewa picha mbili. Ya kwanza ni karatasi iliyochapishwa kwa mashine na John Dunlap wa Philadelphia usiku wa tarehe 4 Julai 1776, ambayo chini yake yamo majina mawili tu, la John Hancock aliyekuwa rais wa Kongresi, yaani baraza la wajumbe wa makoloni, na la katibu Charles Thomson. Ya pili ni ile inayojulikana zaidi, yenye maandishi ya mkono na saini 56. Kadi inauliza swali moja tu: kama hati zote mbili zina tarehe ya 4 Julai, mbona saini zimetofautiana? Mwongozo unamwagiza mwalimu asijibu. Katika darasa langu kikundi kimoja kilisema kwamba moja ni ya uongo. Kingine kikasema kwamba labda wengine walikuja kutia saini baadaye, na hiki ndicho kilichokaribia ukweli, kwa kuwa wajumbe wengi walitia saini tarehe 2 Agosti 1776, karibu mwezi mzima baada ya Tangazo kupitishwa. Kujua tarehe hiyo si jambo kubwa kwa mtoto wa Lamu. Jambo kubwa ni kwamba amegundua mwenyewe, kwa kulinganisha karatasi mbili, kwamba tarehe iliyoandikwa juu ya hati na siku watu walipoitia saini zinaweza kuwa mbali, na baada ya hapo hataiamini tarehe ya hati yoyote bila kuihoji.

Hapa ndipo nilipoona kosa la kwanza. Picha ya pili imeandikwa chini yake kwamba ni hati asilia. Hati asilia, iliyoandikwa juu ya ngozi na inayohifadhiwa Washington, imefifia kiasi kwamba maneno yake mengi hayasomeki tena kwa urahisi, ilhali picha iliyomo kwenye kabrasha ni nyeusi na safi kabisa. Bila shaka ni nakala iliyochongwa kwenye bamba la shaba na William Stone, aliyeimaliza mwaka 1823, ambayo ndiyo huonekana katika vitabu vingi. Katika kitabu cha kawaida kosa hili lingesameheka, lakini katika kabrasha linalomfundisha mtoto kuuliza hati imetoka wapi, maelezo ya picha ndiyo mahali pa mwisho pa kukosea. Wangeziweka picha zote mbili, ile iliyofifia na ile iliyochongwa, wangepata somo jingine zima bila gharama ya kutajika.

Baada ya picha huja maneno. Tangazo lina malalamiko 27 dhidi ya mfalme wa Uingereza, George wa Tatu, na kabrasha limeyachapisha kwenye vipande ili wanafunzi wayapange wenyewe katika mafungu: yale ya kodi, ya mahakama, ya majeshi, ya biashara, ya mabunge yaliyovunjwa. Hakuna jibu moja la mpangilio, na hilo ni jema, kwa kuwa watoto hulazimika kujitetea. Lalamiko la kukata biashara ya makoloni na sehemu nyingine za dunia lilieleweka upesi na watoto ambao babu zao walisafiri kwa majahazi hadi Uarabuni na kurudi na upepo wa kaskazi. Lalamiko la kutozwa kodi bila ridhaa lilizua mjadala mrefu. Lakini kipande kilicholitikisa darasa kilikuwa kile kinachosema kwamba mfalme amepora bahari zao, ameharibu pwani zao, amechoma miji yao na ameangamiza maisha ya watu wao. Msichana mmoja alikisoma kwa sauti mara mbili, kisha akauliza, “Mwalimu, hizi pwani ni za kwao au ni za kwetu?” Swali lile lilitupeleka hadi kwa Wareno na miji ya Pwani yetu, na ingawa halikuwamo katika mwongozo, sikulikatiza. Hati iliyoandikwa Philadelphia ilikuwa imemfanya atake kujua nani aliandika malalamiko ya watu wa hapa, na kama hayakuandikwa, kwa nini.

Kadi ya tatu inauliza hati iliandikiwa nani. Wengi hujibu mfalme, kwa kuwa ndiye anayelaumiwa, mpaka wanaporudi kwenye maandishi na kuona kwamba mfalme anasemwa kama mtu asiyekuwapo, na kwamba maelezo yanapelekwa kwa walimwengu wasio na upendeleo. Naisifu sana kadi hii. Kuna watu wazima waliosoma Tangazo hilo na hawakuwahi kuliona jambo hilo.

Kuhusu utumwa, waandaaji wamekuwa na ujasiri nusu. Wameweka ile aya ya rasimu ya Thomas Jefferson iliyomlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa, ambayo Kongresi iliiondoa kabla ya kupitisha Tangazo, na wameeleza waziwazi kwamba Jefferson mwenyewe alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Wameweka pia kifungu cha Katiba ya 1787 kilichohesabu watumwa kama sehemu tatu kwa tano katika kugawa viti vya wabunge, na wakaonyesha kwamba neno lenyewe la utumwa halionekani popote katika kifungu hicho, bali husemwa “watu wengine wote”. Wanafunzi wakiambiwa watafute watumwa ndani ya hati ambayo haiwataji hujifunza kusoma kilichofichwa, nao ni ustadi ambao mtihani wowote hauwezi kuupima kwa maswali ya kuchagua jibu. Mwalimu wa Lamu anapaswa kujiandaa kwa somo hili, kwa kuwa utumwa katika Pwani ya Kenya ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1907, na katika darasa moja huweza kuketi wajukuu wa pande zote mbili. Mwongozo hausemi lolote juu ya hilo. Mimi nilianza kwa kuweka sharti kwamba tunazungumzia hati na sheria, na hakuna anayeruhusiwa kutaja nasaba ya mwenzake. Somo likaenda kwa heshima.

Nusu nyingine ya ujasiri imepungua katika lalamiko la mwisho la Tangazo. Kwenye vipande limekatwa katikati: limebaki neno la uasi ambao mfalme alidaiwa kuuchochea miongoni mwa wakoloni, na limeondolewa neno la wenyeji wa asili wa Marekani, ambao Tangazo linawaita washenzi wasio na huruma. Nafahamu kwa nini mtu angependa kuwaepusha watoto na matusi. Hata hivyo, swali kubwa la kabrasha zima ni nani yumo ndani ya hati na nani yuko nje yake, na hakuna mstari unaolijibu vizuri kuliko huo uliokatwa. Hati inayoanza kwa kusema kwamba watu wote wameumbwa sawa na kumalizia malalamiko yake kwa kuwatukana wenye ardhi ndiyo hati ambayo mtoto wa miaka 13 anahitaji kuiona nzima, mwalimu akiwa kando yake. Mimi niliuandika mstari huo ubaoni, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Sehemu ya Katiba ya Kenya haina matata. Dibaji inalinganishwa na ile ya Marekani, kwa kuwa zote mbili zinaanza kwa kuwataja watu wenyewe kuwa ndio wenye kutoa katiba, na wanafunzi huulizwa watu hao ni akina nani katika kila hati. Mkutano wa Philadelphia ulifanyika milango ikiwa imefungwa, na waliotia saini walikuwa wanaume 39. Katiba ya Kenya ilipigiwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na ikazinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo. Ibara zilizochaguliwa ni zile ambazo watoto wanaziishi: ya 1 inayosema mamlaka yote ni ya watu, ya 7 inayokifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na ya 170 inayoanzisha Mahakama za Kadhi. Ningependa wangeongeza moja kuhusu ardhi.

Sasa nifike kwenye sehemu ya Pwani, ambayo imenisikitisha. Baada ya kurasa nyingi za kumfundisha mtoto asikubali muhtasari wa mtu mwingine na aende kwenye maandishi yenyewe, kabrasha linapofika kwetu linatupa muhtasari. Makubaliano ya Desemba 1895 kati ya Uingereza na Sultani Hamed bin Thuwaini wa Zanzibar, ambaye ukanda huu ulikuwa milki yake, yameelezwa kwa sentensi chache. Barua walizoandikiana Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, mwezi Oktoba 1963, ambazo ndizo msingi wa Pwani kuingia katika Kenya huru, zimefupishwa katika aya moja, na chini yake kuna agizo la kueleza umuhimu wa makubaliano hayo. Hakuna nakala, hakuna saini, hakuna kipande cha kukata. Ni agizo lilelile la kukariri ambalo kadi za mwanzo zilikuja kutuondolea.

Hasara yake ni kubwa, kwa sababu barua zile ni fupi, lugha yake ni nyepesi kuliko ya Tangazo la 1776, na yaliyomo yanahusu maisha ambayo mtoto wa Lamu anayaona akitoka mlangoni. Zinataja uhuru wa kuabudu, kuendelea kwa mamlaka ya makadhi katika mambo ya Waislamu, kufundishwa kwa lugha ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, maafisa wa utawala katika maeneo yenye Waislamu wengi, na kutambuliwa kwa hatimiliki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Nilichukua maandishi ya barua hizo, nikayachapa upya kwa herufi kubwa, nikayakata vipande kama vile vya Tangazo, na kuwapa wanafunzi kadi zilezile za kabrasha. Kadi zilifanya kazi bila kubadilishwa hata neno, na hilo lenyewe ni ushahidi wa ubora wake.

Walipofika kwenye kadi inayouliza nani ametia saini na nani hayumo, mvulana mmoja akasema, “Mwalimu, wametia saini waziri mkuu wa kule na waziri mkuu wa kule. Wa Lamu yuko wapi?” Niliwaeleza kwamba mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kusikiliza maoni ya watu wa ukanda wa Pwani na kuandika ripoti, na kwamba walikuwapo watu waliotaka Mwambao ujitawale. Kisha tukapanga tarehe ukutani: barua Oktoba 1963, uhuru wa Zanzibar tarehe 10 Desemba, uhuru wa Kenya tarehe 12 Desemba, na mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 Januari 1964, yaliyoiondoa serikali ya Shamte. Wanafunzi waliona wenyewe kwamba mmoja wa walioandikiana ahadi hakuwapo tena madarakani baada ya miezi mitatu hivi, wakaanza kubishana ahadi hubaki kwa nani mwandishi wake anapoondoka. Wengine walirudi kwenye Ibara ya 170 na kusema kwamba sehemu ya kadhi imehamia kwenye katiba. Wengine wakauliza kuhusu hatimiliki. Mjadala wa namna hiyo ndio kabrasha lililoahidi, na lingeweza kuutoa lenyewe kwa kuongeza karatasi chache tu.

Nimewaandikia waandaaji kupitia dukani kuhusu sehemu hiyo na kuhusu maelezo ya picha. Wamejibu kwa adabu kwamba watayatazama katika toleo lijalo, nami nawaamini.

Kuhusu ubora wa vifaa, kadi zimefunikwa plastiki na zinastahimili unyevu wa bahari, ambao huku kwetu hulainisha karatasi yoyote kabla muhula haujaisha. Vipande havikufunikwa, na vilianza kukunjamana upesi. Afadhali kuvifanyia laminesheni kabla ya kuvikata. Herufi za upande wa Kiswahili ni ndogo mno kwa darasa lenye mwanga hafifu, hasa umeme unapokatika. Kabrasha lote halihitaji intaneti wala projekta, na kwa shule zetu hilo ni jambo la kushukuru. Bei yake haifiki ya vitabu vitatu vya kiada, na kabrasha moja linatosha darasa zima likigawanywa katika vikundi vya wanafunzi watano au sita, mradi picha mbili za Tangazo zitolewe nakala za ziada.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu wa Lamu, na wa Malindi pia ikiwa litafika huko, ni kwamba Gredi ya 7 waanze na Dibaji ya Katiba ya Kenya na kadi ya kwanza pekee, kwa kuwa Tangazo la 1776 ni refu kwao na watachoka kabla ya kufika kwenye malalamiko. Gredi ya 8 wanaliweza Tangazo lote likigawanywa katika vipindi kadhaa. Barua za 1963 ziachiwe Gredi ya 9, waliokwisha kuzoea kadi, na mwalimu azitafute na kuzichapa mwenyewe mapema, kwa maana ndani ya kabrasha la sasa hatazipata.